Jeni Haifanyi Kazi Mpaka Isomwe

Mgonjwa wa kifua kikuu anapoanzishiwa dawa, muuguzi humtahadharisha mapema: usishtuke ukiona mkojo umekuwa mwekundu au wa rangi ya chungwa, hiyo ni rangi ya dawa. Dawa yenyewe ni rifampisini. Inapoingia ndani ya bakteria wa kifua kikuu hukamata kitu kimoja tu, nacho ni kimeng'enya kinachonakili jeni za bakteria huyo. Kimeng'enya kinaanza kuunda nakala, lakini kikifika herufi ya pili au ya tatu kinakwama, kwa sababu dawa imekaa palepale ambapo uzi wa nakala ungepita. Jeni za bakteria ziko zote na hakuna iliyoharibika. Ila haziwezi kusomwa tena, na bakteria asiyesoma jeni zake hufa.

Mgonjwa naye ana vimeng'enya vya kazi hiyohiyo katika seli zake. Dawa haimuui yeye kwa sababu vimeng'enya vyake vina umbo jingine, na rifampisini haipati pa kushika. Hilo tunalisema leo kwa wepesi, lakini lilihitaji watu wa kukaa maabara miaka mingi wakiuliza swali ambalo halikuwa na mgonjwa wala mteja: jeni za kiumbe kama binadamu husomwa na nani? Mmoja wa waliolijibu swali hilo ni mwanabiokemia wa Marekani, Robert Roeder.

Masjala ndani ya seli

Karibu kila seli ya mwili wako inabeba DNA ileile. Ukiinyoosha DNA ya seli moja inapata urefu wa kama mita mbili, nayo ina jeni zipatazo 20,000 zenye maelekezo ya kutengeneza protini. Seli ya ini ina jeni ya rangi ya jicho, na seli ya jicho ina jeni za kusaga pombe ambazo ini huzitumia. Kama urithi ni mmoja, kwa nini ini ni ini na jicho ni jicho?

Fikiria masjala ya ardhi. Majalada ya asili hayatoki nje ya chumba chake. Anayetaka habari za kiwanja hupewa nakala, na aliyeitengeneza ni karani anayejua jalada gani lifunguliwe, ukurasa upi, na kwa ruhusa ya nani. Kiini cha seli hufanya hivyo. DNA hubaki ndani. Nakala ya jeni inayotakiwa huandikwa kwa RNA, kisha nakala hiyo hutoka nje ya kiini kwenda kutumika kutengeneza protini. Kazi hiyo ya kunakili ndiyo unukuzi wa jeni, na karani wake ni kimeng'enya kiitwacho RNA polimerasi. Ini na jicho zina masjala zinazofanana kabisa. Kilichotofautiana ni majalada yanayofunguliwa.

Mwaka 1959 Samuel Weiss, akifanya kazi Chicago, alionyesha kwamba ndani ya viini vya seli za ini la panya mna kitu kinachounda RNA kwa kufuata DNA. Muda si mrefu watafiti wengine wakaipata RNA polimerasi katika bakteria. Kwa bakteria mambo yalikaa sawa upesi: kimeng'enya ni kimoja, kinanakili kila kitu. Kwa viumbe wenye kiini, yaani wanyama, mimea, chachu na sisi wenyewe, giza lilibaki. Kimeng'enya kilikuwa kimegandamana na DNA na protini zake kiasi kwamba watu walishindwa kukitoa kikiwa kizima.

Kijana wa shamba Indiana

Roeder alizaliwa mwaka 1942 Boonville, mji mdogo wa kusini mwa jimbo la Indiana, akakulia katika shamba la familia. Alisoma kemia katika Chuo cha Wabash akamaliza mwaka 1964, akachukua shahada ya pili Chuo Kikuu cha Illinois, kisha akaenda Seattle, Chuo Kikuu cha Washington, kufanya shahada ya uzamivu katika maabara ya William Rutter. Huko akajitwika swali la karani.

Kwanza ilibidi amtoe karani chumbani. Roeder alichukua viini vya seli, akavitia katika maji yenye chumvi nyingi, akavipiga kwa mawimbi ya sauti hadi DNA ikakatika vipandevipande, kisha akaipunguza chumvi ghafla. Protini nyingi zilizofungamana na DNA ziliganda zikazama, na kimeng'enya kikabaki majini kikiwa hai.

Kisha akaandaa bomba la kioo lililojazwa punje laini zenye chaji ya umeme, akamimina mchanganyiko wake juu. Protini zikashikamana na punje, kila moja kwa nguvu yake. Baada ya hapo alipitisha maji ya chumvi, akiongeza ukali wa chumvi kidogo kidogo. Protini iliyoshika kwa ulegevu iliachia mapema, iliyoshika sana ilichelewa. Matone ya chini yalikingwa katika vichupa vilivyopangwa kwa zamu. Kila kichupa kilitiwa DNA pamoja na herufi za kuundia RNA, moja ya herufi hizo ikiwa na alama ya mionzi, kisha kikapimwa. Kichupa chenye mionzi iliyonaswa ndani ya RNA mpya ndicho chenye karani.

Kama karani angekuwa mmoja, mchoro wa vipimo ungekuwa na kilele kimoja. Ulikuwa na vitatu. Roeder alipata vilele hivyo katika seli za ini la panya na katika viinitete vya wale wanyama wa baharini wa duara, wenye miiba, wanaochoma nyayo za wavuvi wa pweza miambani maji yakitoka. Panya na mnyama wa mwambani wametengana kwa mamia ya mamilioni ya miaka, na wote wana makarani watatu. Matokeo yalichapishwa katika jarida la Nature mwaka 1969, Roeder akiwa na umri wa miaka 27. Vimeng'enya vikaitwa kwa namba tu: RNA polimerasi I, II na III.

Miaka iliyofuata, akiwa chuo kikuu kingine chenye jina la Washington, kilichoko St. Louis, yeye na wanafunzi wake walisaidia kuonyesha mgawanyo wa kazi. Namba I hunakili jeni za RNA kubwa zinazojenga ribosomu, yaani mitambo ya kutengenezea protini. Namba III hunakili RNA ndogondogo, zikiwemo zile zinazobeba vipande vya kuundia protini. Namba II ndiyo inayonakili jeni za protini zenyewe: insulini, himoglobini, kingamwili, na maelfu mengine.

Sumu iliyotoa ushahidi

Katika kuwatofautisha makarani hao, sumu ya uyoga ilisaidia sana. Kuna uyoga wa Ulaya, Amanita phalloides, unaoua watu kila msimu wa kuokota uyoga. Sumu yake moja huitwa alfa-amanitini. Mwaka 1970 kundi la Rutter na Roeder lilionyesha kwamba sumu hiyo, kwa kiasi kidogo sana, huizuia polimerasi II huku polimerasi I ikiendelea na kazi. Pierre Chambon na wenzake kule Strasbourg, Ufaransa, walifikia jambo hilohilo kwa njia yao. Namba III baadaye ilionekana iko katikati: huzuiwa, lakini kwa dozi kubwa zaidi. Kuanzia hapo, mtafiti akitaka kujua jeni fulani inanakiliwa na nani, alitia sumu kidogo kidogo akaangalia ni lini kazi inasimama.

Ugunduzi huo ulieleza pia kwa nini mwathirika wa uyoga huo hufa kwa namna inayodanganya. Saa kadhaa za mwanzo hasikii kitu. Kisha hutapika na kuharisha, baadaye anaweza kupata nafuu, na watu wakadhani amepona. Wakati huo ini lake haliwezi tena kunakili jeni zake. Protini zilizokuwepo zinachakaa na mpya hazitengenezwi, mpaka ini linashindwa. Kupika hakuiondoi sumu hiyo. Ndiyo maana mwiko wa wazee wetu wa kutogusa uyoga usioujua una msingi imara.

Karani peke yake hajui aanzie wapi

Kuwapata makarani watatu kulileta tatizo jipya. Polimerasi II ikisafishwa mpaka ikabaki peke yake na kuwekwa pamoja na DNA tupu, hunakili, lakini huanza popote. Haijui mwanzo wa jeni. Katika seli hai hilo halitokei, kwa hiyo lazima kulikuwa na wasaidizi waliopotea wakati wa kusafisha. Roeder na wenzake wakafanya kinyume cha desturi ya wanabiokemia: badala ya kuendelea kusafisha, walirudisha uchafu. Mwaka 1979 waliripoti kwamba polimerasi II, ikichanganywa na rojo ghafi la seli za binadamu, ilianza kunakili jeni ya kirusi cha adeno mahali palepale inapoanzia katika maisha yake ya kawaida. Kwa mara ya kwanza jeni ya protini ilisomwa kwa usahihi ndani ya kichupa, nje ya seli.

Sasa kazi ikawa kuwatafuta wasaidizi. Rojo lilipitishwa tena kwenye mabomba, likagawanywa kwa ukali wa chumvi katika mafungu yaliyoitwa A, B, C na D. Herufi hizo zimekwama katika sayansi mpaka leo. Protini iitwayo TFIID, ambayo hutangulia kukaa mwanzoni mwa jeni nyingi na kuonyesha wengine pa kujipanga, imebeba herufi ya fungu lake. Walipomaliza kuhesabiwa, wasaidizi wa jumla wa polimerasi II walikuwa kundi zima, wakishikana mmoja baada ya mwingine kabla ya herufi ya kwanza kuandikwa.

Mwaka 1980 maabara yake ilitoa jambo jingine. Katika mayai machanga ya chura wa kusini mwa Afrika aitwaye Xenopus walisafisha protini moja, TFIIIA, inayokaa juu ya jeni ya aina moja tu na kuiruhusu inakiliwe. Ilikuwa protini ya kwanza ya namna hiyo kupatikana kwa viumbe wenye kiini: mwenye ruhusa ya jalada moja maalumu. Baadaye, Uingereza, Aaron Klug aligundua kwamba protini hiyo imejikunja katika vidole vidogo, kila kimoja kikishikiliwa na chembe ya zinki. Protini za vidole vya zinki zimo kwa mamia katika mwili wa binadamu.

Katika simulizi hii yuko pia mtu ambaye hakuwa mwanasayansi. Maabara ya Roeder, kama maabara nyingi duniani, ilitegemea seli za HeLa, na njia waliyoichapisha mwaka 1983 ya kutengeneza rojo la viini vyake imetumiwa na watafiti wasiohesabika. Seli hizo zilitoka kwenye uvimbe wa Henrietta Lacks, mama Mmarekani mweusi aliyefariki kwa saratani ya mlango wa kizazi huko Baltimore mwaka 1951. Zilichukuliwa bila yeye kuombwa ruhusa, na familia yake ilikaa miaka mingi bila kujua. Kila anayefaidika na elimu hii, nikiwemo mimi ninayeiandika, ana deni kwake, na deni hilo litajwe kila elimu hii inapotajwa.

Chumvi ya jikoni na ruhusa ya kusoma

Mwaka 1982 Roeder alihamia Chuo Kikuu cha Rockefeller, New York. Kufikia miaka ya 1990 ilionekana kwamba hata mwenye ruhusa akikaa juu ya jeni na makarani wakiwa tayari, bado anahitajika mpatanishi wa kuunganisha pande mbili. Roger Kornberg, aliyekuja kupewa Tuzo ya Nobel ya Kemia mwaka 2006, alimpata mpatanishi huyo katika chachu. Mwaka 1996 maabara ya Roeder ilimpata katika seli za binadamu, akiwa kundi kubwa la protini lililoshikamana na kipokezi cha homoni ya tezi ya shingo.

Jambo hili linafika jikoni kwetu. Homoni ya tezi haiwezi kutengenezwa bila madini ya joto, yaani ayodini. Ikitengenezwa, husafiri katika damu, huingia ndani ya kiini cha seli na kukaa juu ya kipokezi chake, ambacho tayari kiko kwenye DNA. Bila homoni, kipokezi huzifunga jeni zake. Homoni ikifika, kipokezi hubadili umbo, humwita mpatanishi, na jeni hufunguliwa. Miongoni mwa jeni hizo ni zile zinazojenga ubongo wa mtoto akiwa tumboni. Katika nyanda za juu ambako udongo hauna ayodini ya kutosha, watu wazima waliota rovu, na watoto wakazaliwa na ubongo uliodumaa. Chumvi yenye madini joto ni kinga rahisi kabisa, na sasa tunajua mahali hasa inapofanyia kazi: huipa jeni ruhusa ya kusomwa.

Jeni nzima iliyofungwa

Mahali ambapo elimu hii inagusa familia nyingi za kwetu zaidi ni ugonjwa wa selimundu. Kila mwaka maelfu ya watoto huzaliwa nao Tanzania, Kenya, Uganda na Kongo. Mtoto huzaliwa akionekana mzima. Ananyonya, anacheka, anaongezeka uzito. Akikaribia miezi sita hivi, vidole vya mikono na miguu huanza kuvimba, analia usiku kucha, macho yanakuwa ya njano. Familia nyingi zimetafuta mchawi, kwa sababu zilimwona mtoto akiwa na afya na hazikuona kilichobadilika.

Kilichobadilika ni usomaji. Binadamu ana jeni mbalimbali za himoglobini. Akiwa tumboni hutumia jeni za himoglobini ya kijusi, ambazo kwa mtoto huyu hazina kasoro yoyote. Baada ya kuzaliwa jeni hizo hufungwa taratibu na jeni za ukubwani huchukua nafasi. Kasoro ya selimundu imo katika jeni hizi za pili. Mtoto huanza kuumwa pale jeni nzima inapofungwa na yenye kasoro inapofunguliwa, na ile nzima hubaki ndani ya kila seli yake maisha yake yote.

Mwaka 2008 watafiti walimtambua mfungaji mkuu: protini iitwayo BCL11A, ambayo hukaa kwenye DNA na kuzuia jeni za kijusi zisinakiliwe. Mwishoni mwa mwaka 2023 Uingereza na Marekani ziliidhinisha tiba inayokata swichi ya BCL11A katika seli mama za damu za mgonjwa mwenyewe. Himoglobini ya kijusi hurudi, na maumivu kwa wengi hukoma. Bei yake Marekani ni dola milioni 2.2 kwa mgonjwa mmoja, tena anahitaji hospitali kubwa na dawa kali za kuusafisha uboho kwanza. Kwa familia ya Mwanza au Kilifi, tiba hiyo kwa sasa ni habari tu.

Lakini kuna kidonge cha haidroksiurea, ambacho nacho huongeza himoglobini ya kijusi. Utafiti uliochapishwa mwaka 2019, uliofanywa kwa watoto zaidi ya 600 katika Angola, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, Kenya na Uganda, ulionyesha kwamba kidonge hicho kilipunguza maumivu, malaria, haja ya kuongezewa damu, na vifo. Mtoto akipimwa mapema, akapewa kinga ya maambukizi na kidonge hiki chini ya uangalizi wa daktari, hali yake inaweza kuwa tofauti kabisa na ile waliyoishuhudia wazazi wetu.

Elimu isiyo na mteja

Roeder alipata Tuzo ya Lasker mwaka 2003 na Tuzo ya Kyoto mwaka 2021, zaidi ya nusu karne tangu vile vilele vitatu. Mwaka 1969 hakuwa anatafuta dawa ya selimundu, wala kipimo cha kifua kikuu. Angeulizwa na mtoa fedha kazi yake itamsaidia nani, asingekuwa na jina la ugonjwa la kutaja. Hata hivyo, bila kujua jeni husomwaje, BCL11A ingekuwa jina lisilo na maana.

Nasi hatukuwa watazamaji. Katika miaka ya 1970 majaribio yaliyofanywa na wagonjwa na madaktari wa Afrika Mashariki pamoja na Waingereza yalionyesha kwamba kifua kikuu kilichotibiwa kwa miezi 18 kingeweza kutibiwa kwa miezi sita, rifampisini ikiwa ndani ya mchanganyiko wa dawa. Leo mashine ya GeneXpert katika hospitali zetu husoma, kwa muda wa saa mbili hivi, kipande cha jeni ya RNA polimerasi ya bakteria. Kipande kikiwa kimebadilika, rifampisini haitashika, na mgonjwa hupewa dawa nyingine. Anayekatiza dozi kwa sababu amejisikia nafuu huwapa bakteria wenye badiliko hilo nafasi ya kubaki na kuzaana.

Tumezoea kusema ugonjwa umo katika damu ya ukoo, tukimaanisha hakuna la kufanya. Historia hii inakataa kauli hiyo. Jeni tulizorithi hatuzichagui, lakini usomaji wake hubadilika kwa homoni, kwa chakula, kwa dawa. Selimundu inatuhusu sisi kuliko mtu yeyote, na kidonge cha bei nafuu cha kumzuia BCL11A bado kinatafutwa. Vyuo vikuu vyetu vinapaswa kuwa na watu wa kukitafuta, na watu hao wanahitaji vifaa, mishahara na miaka mingi ya utulivu, hata pale wanapouliza maswali ambayo bado hayana mgonjwa. Nchi zenye watoto wengi zaidi wanaougua zisikubali kungoja jibu litoke kwa wenye wagonjwa wachache.